Siku tatu mbele

Wasikilizaji wetu wengi wananijua kwa sauti tu. Leo naandika juu ya kosa nililolifanya kwa sauti hiyo, kwa sababu kuna familia zilizokosa unga, na hata sasa kuna wanaoniuliza ilikuwaje.

Ilikuwa mwezi wa tano mwaka 2023. Shirika moja lililokuwa likigawa chakula katika kambi ya wahami pembeni ya Goma lilituletea tangazo saa saba kasoro dakika kumi, na habari za mchana zinaanza saa saba. Kwa kawaida matangazo yao huja kwa Kifaransa. Siku hiyo lilikuja kwa Kiingereza peke yake. Lilisema kwamba mgao wa tarehe 20 umekuwa "brought forward by three days".

Maana yake niliielewa: mgao umerudishwa mapema, utakuwa tarehe 17. Jambo linaloniuma ni kwamba Kiingereza hakikunishinda. Nilichokosea ni Kiswahili changu mwenyewe. Neno "forward" nikaliona "mbele", nikaingia studio nikasoma: "Mgao wa tarehe 20 umepelekwa mbele siku tatu." Tarehe 17 yenyewe sikuitaja. Watu wakahesabu kwa vidole: 21, 22, 23.

Si wote waliokosa. Sisi huku tunasema "funga mlango mbele ya kulala", yaani kabla. Kwa hiyo wako waliosikia "mbele" wakaelewa ni mapema. Lakini mkutano ukipelekwa mbele, kila mtu anajua kwamba umeahirishwa. Katika bloki moja mama mmoja alitoka na jetoni yake Jumatano, jirani yake akabaki anafua nguo, akamwambia anajisumbua bure, bado siku sita.

Tarehe 23 nilikwenda kambini na kinasa sauti changu kutafuta habari ya mgao. Nilikuta watu wamepanga foleni na magunia matupu, na hakuna gari. Mama mmoja wa Masisi aliitambua sauti yangu nilipowasalimu.

"Ni weye wa redio?"

"Ni mimi, mama."

"Mtoto wangu, ulisema siku tatu mbele. Mbele ya wapi?"

Sikuwa na jibu. Niliomba msamaha pale, na jioni nikaomba tena hewani. Shirika liliandika majina ya waliokosa, na walingoja wiki tatu hivi. Wiki tatu na watoto ndani ya hema si maneno ya kuandika tu.

Tangu siku ile nina daftari la maneno ya tarehe. Adui wa kwanza ndani yake ni "push back". Nalo lina "nyuma" ndani yake, lakini maana yake ni kuchelewesha. Ukitafsiri neno kwa neno, linakugeuza vilevile.

Halafu kuna "by" na "before". Tangazo likisema mjiandikishe "by 12 June", tarehe 12 ingali yenu. Likisema "before 12 June", siku ya mwisho ni 11, na atakayefika 12 atakuta meza imeondolewa. "Until" ni kwa kazi inayoendelea: ofisi iko wazi mpaka siku fulani. Sisi tunasema "mpaka" au "hadi" kwa yote haya, na hapo ndipo tunapopotezana. Hata "until" lenyewe halisemi wazi kama siku ile imo ndani au haimo, kwa hiyo napiga simu nauliza. Neno ninalolipenda ni "no later than". Ni refu, lakini ni sawa na "au plus tard" tuliyoizoea kwenye Kifaransa: siku hiyo imo, kesho yake haimo.

Lililonitoa jasho zaidi ni "as of". "As of 1 July" mgao utafanyika mahali papya: hapo ni kuanzia tarehe 1. Lakini "as of 1 July" familia kadhaa zilikuwa zimeandikwa: hapo ni kufikia tarehe 1. Neno ni lile lile, na linalokuonyesha njia ni kitenzi kilicho karibu nalo. Na tarehe za namba tupu sizisomi tena kabla ya kuuliza. 05/06 kwetu ni tarehe 5 mwezi wa sita, lakini Mmarekani akiiandika anamaanisha tarehe 6 mwezi wa tano.

Sasa natangaza hivi: "Mgao uliokuwa Jumamosi tarehe 20 sasa ni Jumatano tarehe 17. Ni mapema kuliko ilivyopangwa." Mkurugenzi wa vipindi analalamika kwamba ninakula sekunde. Namwacha alalamike.

Yule mama nilimwachia namba yangu. Huwa ananibipu, nampigia, na kama nina tangazo la tarehe namsomea kwanza. Ananyamaza kidogo, kisha ananiambia siku aliyoielewa. Wiki iliyopita tulirudia mara mbili.