Shauri Yetu

Bodi ya elimu ya parokia yetu ina watu 11, na mmoja wao aliacha chuo mwaka wa tatu. Huyo ni mimi.

Niliingia kupitia jumuiya. Kama hujakulia kanisani, parokia ya Kikatoliki huku kwetu imegawanywa katika jumuiya ndogondogo, majirani wanaokutana katikati ya wiki kusali, kuchanga na kujua nani mgonjwa na nani amefiwa. Kiti cha vijana kwenye bodi kilikuwa wazi. Wenzangu wenye digrii walikuwa na kazi za kuamkia saa kumi alfajiri. Mimi ninaandikia watu kwa malipo ya kila makala, kwa hivyo mtaani ninajulikana kama yule msee wa kukaa nyumbani na laptopu. Mwenyekiti wa jumuiya, mama wa makamo ambaye maneno hayamkwami, alisema, “Huyu anajua kuandika, na jioni hana pa kwenda.” Watu wakapiga makofi, nikawa nimechaguliwa.

Wiki hiyohiyo nikaomba katiba ya bodi. Ni kurasa 4. Nilizisoma mara mbili na kuhesabu: neno “kushauri” limetumika mara 14, neno “kuamua” mara moja tu, na hapo mwenye kuamua ni paroko. Bodi hushauri kuhusu bajeti ya shule, karo, majengo, na hata sifa za mwalimu mkuu anayetafutwa. Haimwajiri wala haimfuti. Haitii sahihi kwenye hundi. Wajumbe hukaa miaka 3, na hakuna anayeruhusiwa zaidi ya vipindi viwili mfululizo. Paroko na mwalimu mkuu wamo kwa nyadhifa zao, wengine tunatoka kwa wazazi, kwa jumuiya na kwa baraza la parokia. Tunakutana mara moja kila muhula, na mara nyingine kukiwa na moto wa kuzima.

Nilidhani ni parokia yetu tu iliyojiandikia katiba ya upole namna hiyo. Nikaanza kusoma, kwa sababu mtu aliyeacha chuo husoma sana, hasa vitu ambavyo hakuna atakayemtahini. Sheria ya Kanisa inayotumika leo, ile iliyotangazwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1983, inasema kwenye kanuni ya 532 kwamba paroko ndiye anayeiwakilisha parokia katika mambo yake yote ya kisheria. Kanuni ya 536 inazungumzia baraza la kichungaji na inasema wazi kwamba kura yake ni ya ushauri tu. Kanuni ya 537 inaagiza kila parokia iwe na baraza la fedha. Juu ya hao wote kuna askofu, ambaye kwa kanuni ya 806 ana haki ya kuzisimamia na kuzitembelea shule za Kikatoliki katika jimbo lake.

Bodi ya elimu ya parokia sikuiona popote. Hakuna kanuni inayoilazimisha iwepo. Tupo kwa sababu jimbo au paroko fulani, siku moja, aliona ni vyema tuwepo, na tunasimama juu ya zile kurasa 4.

Hapa watu wengi mtaani huchanganya mambo, kwa hivyo wacha niyatenganishe. Kuna shule mbili ambazo watu huziita “za kanisa”. Moja ni ya umma. Wamishonari waliianzisha, lakini Sheria ya Elimu ya 1968 iliweka usimamizi wa shule kama hizo mikononi mwa serikali, na kanisa likabaki mfadhili. Leo inaongozwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013: ina bodi ya usimamizi yenye wawakilishi 6 wa wazazi, 3 wa mfadhili, mmoja wa walimu na wengineo, wanaoteuliwa na bodi ya elimu ya kaunti. Walimu wake wanalipwa na TSC. Padre akikasirika huko, anaweza kuongea kwa sauti kubwa, lakini ana wawakilishi wake 3 na wazazi wana 6.

Shule ya pili ni ya parokia yenyewe. Kisheria ni shule ya kibinafsi. Walimu wake wanalipwa na karo, na karo isipoingia, hakuna serikali ya kupigiwa simu. Bodi yetu inashughulika na hii ya pili. Ndiyo maana kila tunachokishauri kina bei, na kuna mtu wa kuilipa.

Muhula wa tatu uliopita tuliitwa mkutano wa dharura. Ajenda ilikuwa na jambo moja: malimbikizo ya karo. Mweka hazina, mama anayefanya kazi kwenye Sacco na ambaye hajawahi kukosea hesabu mbele yangu, aligawa karatasi. Wanafunzi 23 walikuwa na madeni ya zaidi ya muhula mmoja, 7 kati yao wakiwa Gredi ya 9. Upande wa pili wa karatasi kulikuwa na mishahara: walimu walikuwa wamepokea nusu mwezi uliopita, na mwezi uliotangulia hawakupokea kitu. Pendekezo lake lilikuwa hao 23 warudi nyumbani Jumatatu hadi wazazi walipe.

Ni rahisi kumchora mama huyu kama mtu mbaya. Hakuwa mbaya. Alisema jambo ambalo hakuna aliyelijibu haraka: “Mwalimu wa hesabu ana watoto watatu. Na yeye anadaiwa karo mahali.”

Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, hakufungua mjadala mara moja. Alisoma kifungu cha 9 cha katiba: mjumbe mwenye maslahi katika jambo linalojadiliwa atalitangaza na kutoka nje hadi jambo liishe. Akavua miwani, akauliza kama kuna yeyote.

Kimya. Halafu mwakilishi mmoja wa wazazi, fundi wa mabomba ambaye huwa anatuchekesha, akasimama. Akasema, “Mtoto wangu ni namba 16.” Karatasi haikuwa na majina, namba tu, na angeweza kukaa kimya. Alichukua kofia yake, akatoka, akaenda kusimama kando ya tangi la maji. Kupitia dirishani tulikuwa tunamwona mgongo. Tangu hapo hakuna aliyesema “hawa wazazi wasiolipa”. Watu walianza kusema “mzazi aliyekwama”.

Mimi nilibaki nikikisoma kile kifungu. Kwa sababu nilivyoacha chuo ni hivi: nilikuwa na salio, sikupewa kadi ya mtihani, nikakaa nje ya ukumbi nikiwasikia wenzangu wakivuta viti. Muhula uliofuata deni lilikuwa kubwa zaidi, na huo ukawa mwisho. Mathe hadi leo akiulizwa husema “amepumzika kidogo”. Je, hayo ni maslahi? Mtu aliyewahi kufungiwa mlango kwa ajili ya karo anaweza kuketi na kushauri kuhusu nani afungiwe mlango?

Niliinua mkono nikauliza. Mwenyekiti akanitazama kwa muda. Akasema, “Maslahi ni kitu unachosimama kupata au kupoteza leo. Hicho chako ni ujuzi. Keti, na ukiandike.”

Nikakiandika. Kiko kwenye kumbukumbu za mkutano huo, kipengele cha 3, kwa sentensi moja isiyo na machozi: mjumbe alieleza kwamba katika uzoefu wake, mwanafunzi akitolewa kabla ya mtihani, deni halilipwi haraka zaidi na mwanafunzi harudi kwa urahisi.

Bodi yetu haipigi kura. Tunatafuta maafikiano, jambo ambalo linaonekana la amani hadi ulikalie kwa saa tatu na nusu. Mwishowe tulishauri mambo manne. Watoto wote wabaki hadi mitihani iishe. Kila mzazi mwenye deni aitwe faragha na aandike mkataba wa kulipa kidogokidogo. Sadaka ya pili ya Jumapili moja kila mwezi iende kwenye mfuko wa elimu, na hesabu yake isomwe hadharani. Na mishahara ya walimu ilipwe kwanza, kabla ya rangi ya lango ambayo ilikuwa tayari kwenye bajeti.

Paroko alikuwa ameketi muda wote akiandika kwenye daftari dogo. Akashukuru, akasema atalitafakari. Siku tatu baadaye uamuzi ukaja. Watoto wabaki. Mikataba, sawa. Sadaka ya pili, hapana, kwa sababu tayari kulikuwa na mchango wa jimbo na waumini walikuwa wamechoka. Lango lipakwe rangi, kwa sababu fundi alikuwa ameshalipwa nusu. Na jambo ambalo hatukulishauri kabisa: wenye madeni wasipande basi la shule.

Kwa hivyo watoto 23 walifanya mitihani yao, na wengine walitembea kilomita nne asubuhi na nne jioni. Mwalimu wa hesabu alingoja hadi mwisho wa mwezi, halafu akapata shule nyingine. Ushauri wetu ulimgharimu mtu, na mtu huyo hakuwa kwenye chumba. Sijui njia ya kulieleza hilo ili lipendeze.

Nimekuwa nikilifikiria neno lenyewe. Shauri, kwa Kiswahili, ni maoni unayompa mtu. Ni mpango pia. Ni kesi inayosikizwa mbele ya mahakama. Na ukimwambia mtu “shauri yako”, umemwambia abebe mzigo wake mwenyewe, wewe umenawa mikono. Maana zote hizo zilikuwa kwenye chumba kile. Bodi ya ushauri inaweza kuwa watu wanaobeba jambo pamoja na mwenye kuamua. Inaweza pia kuwa mahali pa mwenye kuamua kusema baadaye, “Bodi ilikaa,” na pa bodi kusema, “Sisi tulishauri tu.” Ikifika hapo, shauri ni la nani? La mtoto anayetembea.

Kitu kinachozuia hilo, nilichokiona kwa macho yangu, ni karatasi. Baada ya uamuzi ule nilimwomba mwenyekiti tuongeze safu kwenye kumbukumbu zetu: upande mmoja tulichoshauri, upande wa pili kilichoamuliwa, na chini yake sababu. Nilitarajia paroko akatae. Hakukataa. Alisema, “Mnataka niandike sababu?” Mwenyekiti akajibu, “Fadha, sababu unazo. Tunaomba tu zisipotee.” Akacheka, akaziandika. Kuhusu basi, alipofika kwenye safu ya sababu, alikaa na kalamu hewani. Muhula huu watoto wanapanda basi. Sehemu ile bado haijajazwa, na mimi sitaijaza kwa niaba yake.

Hakuna kanuni iliyomlazimisha. Ile ya 212 inawapa waumini haki, na mara nyingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wao maoni yao kuhusu mema ya Kanisa. Haisemi wasikilizwe. Lakini ni vigumu kwa binadamu yeyote, awe na kola nyeupe au asiwe nayo, kuacha nafasi tupu mbele ya watu 10 wanaomheshimu.

Najua udhaifu wa haya yote. Askofu huhamisha mapadre. Paroko mpya anaweza kuja na kutuambia asante, nendeni nyumbani, na kurasa zetu 4 zikawa za kufungia njugu. Wengine mtasema ni kazi bure, kushauri bila meno. Nimesikia hoja hiyo kwa wasee wangu wengi, na wanaoitoa mara nyingi ni wale wasiojua hata siku bodi ya shule yao hukutana. Mwenye meno hukaa kwenye chumba hichohicho. Afadhali kuwe na mtu anayeandika.

Namba 16 alimaliza Gredi ya 9. Baba yake bado yumo kwenye bodi, bado anatuchekesha, na analipa deni kila tarehe 5 kwa M-Pesa. Mfuko wa elimu umeanza bila sadaka ya pili: jumuiya 6 zinachanga, na mweka hazina, yule yule mama wa Sacco, ndiye aliyezizungukia kuziomba. Hesabu inabandikwa kwenye ubao wa matangazo, kando ya matangazo ya ndoa, mahali ambapo hata wasiosoma kitu kingine husoma.

Kipindi changu kinaisha mwakani. Kiti cha vijana kitakuwa wazi, hapa na pengine kwenu pia. Watakutafuta kwa sababu una laptopu au kwa sababu jioni huna pa kwenda. Ukiitwa, omba katiba kwanza, na uende na kalamu yako.