Pumzi ya Mchimba Makaa

Vifo viwili humvizia mchimba makaa ya mawe wa West Virginia. Kimoja kina kishindo: mnamo Novemba 1968 mgodi wa Farmington ulilipuka, wachimbaji 78 wakaangamia, na mwaka uliofuata Marekani ikatunga sheria. Cha pili hakina sauti. Ni vumbi litualo mapafuni chembe baada ya chembe, hadi kupanda ngazi kukageuka safari.

Sheria hiyo ya 1969 ilimpa mchimbaji haki ya kupigwa picha ya kifua bila malipo na, dalili zikionekana, kuhamishiwa penye vumbi haba pasipo kupunguziwa ujira. Hata hivyo, wengi hawaendi kupimwa. Wanachelea mwajiri asije akajua, ijapokuwa majibu ni siri. Nani awalaumu? Kifua ndicho mtaji wao.

Na ugonjwa umerudi. Tabaka nene za makaa zimepungua. Mashine sasa hukata na mwamba, ambao vumbi lake ni kali zaidi.

Aprili 2025, wataalamu wa upimaji huo walipoachishwa kazi, mchimbaji mmoja mwenye dalili za mapema alikwenda mahakamani. Mwezi uliofuata jaji aliamuru warudishwe.