Niliyafuta Maneno ya Mama Mdogo

Maneno 412 ya Kifipa yalipotea kwa mkono wangu, na kwa wiki 3 nilimwacha mama yangu mdogo aamini kuwa kosa ni lake.

Ni mwalimu mstaafu, anaishi Kaengesa. Nilimpelekea laptopu kutoka Sumbawanga mjini, ndani yake kiendelezi cha kivinjari cha Chrome nilichokitengeneza mwenyewe: kisanduku kidogo, unaandika neno la Kifipa, chini yake maana kwa Kiswahili, unabonyeza Hifadhi. Jioni akishamaliza kuchambua maharage alivaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja. Alianza na ntumba, yale matuta ya mviringo ambamo majani hufukiwa chini ya udongo yaoze yawe mbolea. Maelezo yalijaa mistari minane. Alitaka hata mjukuu asiyewahi kushika jembe aelewe.

Sasa kosa. Chrome haikitambui kiendelezi kwa jina. Hukitambua kwa kitambulisho cha herufi 32, kuanzia a hadi p, na kila kinachohifadhiwa humo kimefungwa kwenye herufi hizo. Kiendelezi chenye ufunguo wa umma hupata kitambulisho kutokana na ufunguo huo, kwa hiyo hakibadiliki. Changu hakikuwa nao. Nilikuwa nakipakia kutoka kwenye folda tu, na hapo Chrome hutunga kitambulisho kutokana na mahali folda ilipo. Folda ikihama, kwa Chrome hicho ni kiendelezi kingine. Nilikuwa nimeshalisoma hilo. Nilijiambia ufunguo nitauweka siku ya kuchapisha.

Siku moja nilikwenda kurekebisha kitu, nikanakili folda mahali pengine, nikaipakia. Vikatokea viendelezi viwili, jina moja, picha moja. Chini yake mistari ya herufi: mmoja ulianza na k, mwingine na b. Niliiona tofauti hiyo kwa macho yangu. Nikabonyeza Ondoa kwenye kile cha zamani, nikathibitisha, kikaondoka na kila kilichokuwamo. Nakala sikuwa nayo.

“Mwanangu, mbona patupu?” aliniuliza jioni.

“Labda hukubonyeza Hifadhi, mama.”

Akaniomba radhi. Mwanamke aliyewafundisha watoto wa watu kusoma, akaniomba radhi mimi, kisha kwa wiki 3 hakuigusa laptopu.

Niliporudi mjini nilifungua akaunti ya duka la Chrome, dola 5 unalipa mara moja tu, nikapandisha rasimu bila kuichapisha, nikachukua ufunguo wa umma na kuubandika kwenye faili la manifesti. Tangu hapo folda ikae popote, herufi ni zilezile, na siku ya kuchapisha zitabaki hizohizo. Nikaongeza kitufe cha kutoa nakala. Kazi yote haikumaliza saa moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Wiki hizo 3 zilipopita, Jumapili, nilikwenda Kaengesa nikamweleza yote, pamoja na ule uongo. Alinyamaza muda mrefu.

“Kwa hiyo nilibonyeza,” akasema.

“Ulibonyeza, mama. Kila mara.”

Mpaka sasa maneno 260 yamerudi, tukiyatafuta wawili jioni baada ya jioni. Lipo moja ambalo halijarudi, jina ambalo mama yake aliuita upepo wa baridi wa Juni. Wakati ule aliliandika bila hata kufikiri. Siku hizi huanza kulitamka, akaishia silabi ya kwanza, akatazama dirishani.