Steringi Hafi: Kumbukumbu za Kanda za Kukodi

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nacho tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena cha rangi, na nyumba chache za Dar es Salaam zenye antena ndefu ziliinasa picha yao pamoja na chenga zake. Kwetu Magomeni hatukuwa na antena ya namna hiyo. Televisheni yetu aliileta baba mdogo, aliyekuwa baharia, kutoka Dubai pamoja na deki ya video, na ilikuwa na kazi moja tu: kuonyesha kanda za kukodi. Siku isiyo na mkanda ilifunikwa kitambaa cha kufuma na kuwekewa maua ya plastiki juu yake.

Hiyo ilikuwa baada ya mwaka 1984, Serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Deki zikaanza kuonekana mitaani, na nyuma yake yakaja maduka ya kukodisha. La kwetu lilikuwa upande wa Kisutu. Unaacha amana, jina linaandikwa kwenye daftari, na kesho yake mkanda uwe umerudi, tena umerudishwa mwanzo, la sivyo unatozwa. Nyingi zilikuwa nakala ya nakala. Picha za Kihindi zilipitia Ghuba, kwa hiyo mama wa steringi, yaani shujaa wa picha, akiwa katikati ya kilio, chini ya uso wake yalipita maandishi ya tangazo la duka la dhahabu.

Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kuchukua na kurudisha. Kila nilipoweka mkanda juu ya meza, mwenye duka aliniuliza: "Picha vipi?" Hakuwa akinisalimu. Asingeweza kuzitazama kanda zote zilizojaa rafu zake, kwa hiyo jibu langu alimpa mteja anayefuata kama lake mwenyewe. Niliwahi kumsikia akimsifia mtu mzima picha kwa maneno ya bibi yangu, neno kwa neno, naye bibi hajawahi kukanyaga Kisutu.

Maneno hayo yalitoka sebuleni kwetu. Bibi alikaa kwenye mkeka, wakubwa kwenye makochi, watoto wa jirani mlangoni na dirishani. Hakuna aliyejua Kihindi, na Kiingereza cha wengi wetu kiliishia darasani. Tulitazama macho, mikono na nguo, tukasikiliza mpigo wa ngoma kabla adui hajatokea. Mkanda ulipokwisha hapakuwa na aliyenyanyuka. Kesi ndiyo ilikuwa inaanza.

Sheria ya kwanza ilikuwa inajulikana na kila mtoto wa Dar es Salaam: steringi hafi. Ilitosha kwa picha nyingi, mpaka tulipokodi Sholay, ya mwaka 1975. Picha hiyo inazidi saa tatu, na mkanda wa kawaida wa wakati ule ulibeba saa tatu tu. Aliyenakili alikuwa amekatakata, na shangazi, aliyekuwa ameiona sinema, alikuwa akitangaza kila palipoliwa. Lakini ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya Jai, yaani Amitabh Bachchan, anayekufa kabla ya mwisho. Baba mdogo alisema sheria ni sheria: aliyekufa si steringi, basi steringi ni mwenzake, Dharmendra. Shangazi hakukubali. Kwake, Amitabh ni steringi hata akiwa kaburini. Bibi aliwaacha wachoke, kisha akasema wote wamekosea. Mwenye picha ni yule mzee aliyekatwa mikono na Gabbar Singh, maana kisa ni chake. Wale vijana wawili wamekodiwa tu. "Mwenye kisa ndiye mwenye picha," akasema, akaenda kulala. Nimesoma wahakiki wengi tangu hapo, na sijaona aliyeifungua Sholay kwa sentensi fupi kuliko hiyo.

Sheria ile ile ilitupa Coolie, ya mwaka 1983. Amitabh aliumia vibaya akipigana katika upigaji wa picha hiyo mwaka 1982, karibu afe. Mwanzo ilipangwa kuwa mhusika wake afe mwishoni, lakini baada ya kupona kwake mwisho ukabadilishwa, akabaki hai. Pale alipoumia, picha inasimama kwenye skrini na maandishi yanaeleza. Shangazi alilia pale pale iliposimama. Baba mdogo yeye alishangilia: hata Bombay, alisema, wameisalimia sheria yetu.

Deki ilitupa kitu ambacho sinema haikuwa nacho, nacho ni kusimamisha na kurudisha. Kaka yangu alirudi shuleni na uvumi kwamba Jackie Chan yumo ndani ya Enter the Dragon, na kwamba Bruce Lee anamvunja shingo. Wakubwa walimwambia aache uongo. Tuliikodi, tukafika kwenye mapigano ya chini ya ardhi, kaka akabonyeza. Picha ikatetemeka, ikajaa mistari, lakini kijana aliyeshikwa nywele alikuwa yeye kweli, hajawa mtu bado. Tangu siku hiyo mwenye dai alitakiwa kuonyesha mahali. Na mkanda ulilipa gharama ya ubishi huo, kwa sababu sehemu iliyorudiwa mno ilichakaa kabla ya nyingine zote.

Mwaka 1992 ulikuja mgao wa umeme. Umeme ukikatika, mkanda ulibaki umefungiwa ndani ya deki, na kesho yake nikalipishwa ucheleweshaji. Ila jioni za giza ndizo zilizonifunza kipimo kikubwa kuliko vyote. Aliyeona picha ilibidi amhadithie asiyeiona, kwa mdomo, mikono na miguu, pamoja na milio ya ngumi. Picha inayosimulika gizani watu wakakaa kimya, hiyo ni nzuri. Inayomshinda msimulizi njiani ilikuwa na kelele tu. Commando ya Schwarzenegger ilisifiwa sana usiku ilipotazamwa, lakini kusimuliwa ilikwisha kwa dakika chache: anawapiga, anawapiga, anamchukua mtoto wake.

Kipimo hicho hakikuwa cha nyumba yetu peke yake. Ndicho kilichompa umaarufu Derek Gaspar Mukandala, tuliyemjua kwa jina la Lufufu, aliyesimulia filamu za nje kwa Kiswahili na sauti yake ikawekwa juu ya kanda. Wako waliokodi mkanda kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya steringi. Kenya wanaye DJ Afro, Uganda wana maveejay wao. Wote wamefanya kazi iliyokuwa ikifanywa bure kwenye vibaraza vyetu, nayo ni kuieleza picha na kuihukumu kwa pumzi moja.

ITV ilipoanza mwaka 1994, kitambaa kiliondolewa moja kwa moja na televisheni ikawa inawaka kila jioni. Kukodi kukapungua, na aliyetumwa Kisutu akakosa kazi.

Kampuni ya Funai ya Japani, mtengenezaji wa mwisho wa deki za VHS, iliacha kuzitengeneza mwaka 2016, na joto na unyevu wa pwani vinazimaliza kanda kwa ukungu. Sholay yenyewe haitapotea, ipo hadi simuni na nyimbo zake zote. Kinachopotea ni kanda zenye sauti za wasimulizi wetu, na hukumu za kina bibi ambazo hazikuandikwa popote. Mwenye mkanda wa namna hiyo kabatini autafutie fundi uhamishwe sasa. Na mwenye kukumbuka nyumbani kwao walisema nini picha ilipokwisha, aandike.