Likasi: Jioni ya Magitaa Katika Mwaka wa Shida

Msafiri atokaye Lubumbashi kwa barabara ya kaskazini-magharibi huenda yapata kilometa 120 kabla ya kuviona vilima vya Likasi. Siku hizi barabara hiyo imejaa malori marefu yachukuayo shaba na kobalti kwenda Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia, na mwenye gari dogo hana budi kuwa na subira. Kisha vilima hutokea, na katikati yake nyumba za wafanyakazi, safu kwa safu, kama madawati ya darasa. Wazee hawajalisahau jina la Jadotville, ambalo mji ulipewa kwa heshima ya mhandisi Mbelgiji Jean Jadot. Jina hilo liliondolewa mwaka 1966.

Waandikao habari za mji huu huandika juu ya madini, nao wana haki, maana bila madini usingalikuwapo. Lakini sisi tuliokulia hapa twajua kwamba Likasi ni mji wa gitaa pia. Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kukusanya nyimbo za wenyeji, alifika Jadotville na vyombo vyake vya kunasia sauti. Hapo alimsikia kijana wa miaka 22 hivi, Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, makao ya Mwami Msiri. Ndugu zetu wa Tabora watafurahi kukumbuka kwamba babu wa Bayeke walitoka kwao, Unyamwezi. Kijana huyo alikuwa na gitaa moja tu, lakini vidole vyake vilifanya kazi ya watu wawili: kidole gumba kikishika mwendo wa chini, vingine vikiimba juu. Wimbo wake uitwao Masanga ulivuka mipaka. Baadaye aliishi Nairobi kwa muda, ambako vijana wengi walijifunza kwake, na mwaka 1969 alipiga gitaa Newport, huko Marekani. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari. Nyingi za nyimbo zake zilikuwa za Kiswahili, Kiswahili cha watu waliotoka vijiji mbalimbali wakakutana kazini.

Mji huu umeonja na machungu. Mwezi wa Septemba mwaka 1961 askari wa Ireland wapatao 150, wa Umoja wa Mataifa, walizingirwa hapa siku kadhaa, hata wakaishiwa maji na risasi. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa makwao, na maelfu yao wakalala na watoto wao kituoni pa reli wakingoja gari moshi. Wengi walikuwa wamezaliwa Likasi, wamebatizwa Likasi. Jambo hilo halisemwi kwa urahisi mpaka leo.

Kisha ikaja shida isiyo na bunduki. Mwaka 1986 kampuni ya serikali, Gécamines, ilitoa shaba zaidi ya tani 470,000. Mwaka 2003 haikufikisha hata tani 30,000. Tangu mwaka huo wafanyakazi 10,655 waliachishwa kwa malipo ya mara moja, kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Anayeujua mji wa kampuni hahitaji kuelezwa zaidi. Shule, hospitali, nyumba, hata unga wa mwezi, vyote vilikuwa vikitoka katika mkono mmoja.

Baba yetu hakuwamo katika hesabu hiyo. Alikuwa fundi wa kufua mabati mazito katika karakana ndogo (ya nani, hilo si neno la gazeti hili), nayo ikafungwa, kwa maana mti mkubwa ukianguka ndege wote huhama. Miaka 22 ya nyundo juu ya chuma ilikuwa imemwondolea sehemu kubwa ya masikio. Alipokuwa kazini hatukuliona sana jambo hilo, kwa kuwa huko wote huzungumza kwa mikono. Nyumbani tuliliona. Alfajiri alisukuma baiskeli yenye magunia ya makaa kutoka porini, akarudi, akaketi. Tulipomsalimu hakujibu. Kwenye Misa alisimama watu waliposimama, akaketi walipoketi, na mahubiri hayakumfikia. Watoto wadogo wakaanza kumpita kama mtu apitavyo kiti.

Mwaka 2004 tangazo lilibandikwa karibu na soko: vijana wa Lubumbashi pamoja na wenzao wawili wa Kitwe watapiga muziki wa roki katika ukumbi wa parokia. Msomaji asishangae, maana Kitwe ni jirani yetu, na mshipa wa shaba ni mmoja pande zote mbili za mpaka. Huko Zambia, katika miaka ya 1970, vijana wa miji ya migodi walishika magitaa ya umeme wakafanya roki iliyo yao. Kundi lililojulikana kuliko yote ni WITCH, la mwimbaji Emmanuel Chanda, aitwaye Jagari, lililotoa santuri yake ya kwanza mwanzoni mwa miaka hiyo. Baadaye bei ya shaba ilianguka, fedha zikapotea, makundi yakafa moja baada ya jingine, na Jagari mwenyewe akaenda kuchimba vito. Basi muziki huo nao uliijua njaa.

Mama alipokata shauri kwamba twende sote, shangazi yetu alikuja juu.

"Mulamu wangu," akasema (ndivyo sisi tusemavyo mahali pa wifi), "mwenye njaa haendi dansini. Kiingilio cha watu wanane ni unga wa siku mbili. Tena ni kelele za wahuni."

"Mulamu, unga nimeuhesabu," mama akajibu. "Lakini kaka yako amekaa miezi kumi hajacheka. Tutakwenda sote."

Hatusemi kwamba shangazi alikosa. Hoja yake ilikuwa ya kweli, na familia nyingi zimeharibika kwa mtu kuacha watoto na njaa akaenda kustarehe. Lakini hapa hapakuwa na mtu wa kuachwa. Tena juu ya kelele, tukumbuke kwamba ngoma nazo zilitiliwa shaka kanisani, hata mwalimu wa Katanga, Joseph Kiwele, aliyepata kusoma seminari, alipotunga Missa Katanga kwa sauti za kwetu. Si kusudi letu kuiingiza roki katika Misa. Twasema tu kwamba sikio lahitaji muda kabla ya kuhukumu.

Padre mwenyewe alisimama mlangoni kuhakikisha hakuna pombe iingiayo. Tuliketi benchi la tatu, mbele kabisa ya kipaza sauti kikubwa, kwa kuwa wengine walikikimbia. Nyimbo tatu za kwanza, kusema kweli, zilikuwa fujo tu. Ya nne ilianza kwa gitaa la besi peke yake, zito, la taratibu, na benchi likatetemeka chini yetu. Baba akaweka kiganja juu ya ubao. Akakitazama. Kisha akainua uso, akamtazama mpiga ngoma, na kidole chake kikaanza kugonga goti.

"Baba Yosefu!" mama akamwita sikioni. "Wasikia?"

"Nasikia!" akajibu kwa sauti kuu, hata watu wa benchi la mbele wakageuka. "Huyu wa ngoma anachelewa kidogo. Kwenye nyundo angekwisha kujiumiza."

Tukacheka sote, naye akacheka. Tangu hapo hakunyamaza. Alitueleza kila chombo kwa mikono, kama walivyofanya karakanani: huyu ashikilia, huyu apiga, huyu angoja. Kitindamimba alipanda mapajani pake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu karakana ilipofungwa, akaweka na kiganja chake kidogo ubaoni.

Mwishoni mmoja wa wale vijana aliiweka chini gitaa ya umeme, akachukua gitaa kavu, akapiga kwa mtindo wa Bosco. Wazee wote ukumbini wakasimama. Huo baba hakuusikia, ulikuwa mwororo mno. Lakini alivitazama vidole mpaka mwisho, na njiani akataka tumwambie ulikuwaje. Tulipanda kilima gizani tukimwimbia mmoja mmoja karibu na sikio, kila mtu kwa namna yake, na wengine tukikosea.

Kesho yake unga uliobaki ulikuwa wa bukari ya mara moja. Mama aliupika wote pamoja na sombe, akamtuma mkubwa wetu kumwita shangazi aje kula.