Kyela: Ndoa, Baiskeli na Mvua Isiyokatika

Ukimtajia mtu wa Dar jina la Kyela, atakuambia mchele. Wachache watataja kakao, na waliowahi kwenda kupumzika watataja Matema. Mimi siku hizi kinachonijia kwanza ni mwanamke aliye juu ya baiskeli, mvua inamnyeshea, mkono mmoja umeshika usukani na mwingine mwavuli, na wala hana haraka. Mwaka wa kwanza nilimwona kama mwanasarakasi. Huu ni mwaka wetu wa tatu na sasa mimi ni mmoja wao, ukiondoa huo mwavuli. Huo bado sijauweza.

Tulihamia hapa baada ya mume wangu kupewa uhamisho. Si unajua mambo ya uhamisho? Barua inakuja leo, baada ya wiki mbili mtu ameshatakiwa kuripoti. Kwa wenye ndoa changa swali ni lile lile: familia ifuate au ibaki? Mashoga zangu walinishauri nibaki Dar na watoto, baba awe anakuja mwisho wa mwezi. Nimeziona ndoa za mwisho wa mwezi, jamani, sikuitaka. Kazi yangu ya uhariri inahitaji kompyuta na intaneti tu. Lakini tuliwekeana sharti: tujaribu masika moja. Ikitushinda, mimi na watoto tunarudi Dar, na hakuna wa kumlaumu mwenzake. Gari tulishaliuza tukalipia kiwanja, kwa hiyo hiyo masika tungeikabili kwa baiskeli.

Sasa hebu sikia. Dar hupata mvua kama milimita 1,100 kwa mwaka. Kyela hupata zaidi ya 2,000. Hata Amsterdam, mji unaosifika duniani kote kwa baiskeli na manyunyu, haufikishi 1,000. Sababu utaiona kwa macho ukisimama ufukweni: upepo wenye unyevu unatoka ziwani, unakutana na Milima ya Livingstone huku na Rungwe kule, hauna pa kupita ila juu, na huko juu unapoa na kumwaga kila ulichobeba. Machi na Aprili ndiyo kilele. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo zinateremka zimejaa udongo, na ni udongo huo wa miaka na miaka uliotandaza bonde hili likawa tambarare kama mkeka. Ndiyo maana mpunga unakubali. Ndiyo maana baiskeli nazo zinakubali, japo bodaboda zimeingia kwa kasi.

Kyela yenyewe ni joto, bwana. Iko kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, usiku unajipepea. Baridi ninayoisema ni ya mtu aliyelowa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upepo unamkuta barabarani, na nyuma yake mtoto wa miaka minne anagonganisha meno.

Wiki ya pili ya Machi yule mdogo akaanza kukohoa. Mama yangu akapiga simu kutoka Dar: "Mwanangu, utaniulia wajukuu kwa nimonia." Usiku ule mume wangu alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Labda mrudi tu." Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo nilipoogopa. Asubuhi tulimpeleka mtoto kupimwa. Mapafu safi, mafua ya kawaida. Daktari alitueleza kwamba nimonia inaletwa na vijidudu, mvua peke yake haimpi mtu; cha muhimu mtoto asishinde na nguo mbichi.

Aliyetuokoa hasa ni jirani, mama mtu mzima anayeuza ndizi. Aliitazama baiskeli yangu ya gia, niliyoileta kwa mbwembwe kutoka Dar, akacheka. "Dada, hii mbona iko uchi?" Haikuwa na madigadi wala keria. Tuliiuza, tukanunua mbili za kizamani, zile nzito. Akatufundisha kuchukua salfeti ya mbolea iliyooshwa, kona moja ukaisukuma ndani ya nyingine ikawa kofia yenye joho hadi magotini. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, kwa hiyo nguo kavu za shule zinafungwa ndani ya kipande cha turubai. Viatu ndani, kandambili miguuni. Kijiti hakikosekani, cha kuchokolea tope jeusi linalojishindilia kwenye madigadi mpaka gurudumu ligome. Breki zikilowa hazishiki, basi unazigusa kidogo kidogo kabla hujafika unapotaka kusimama. Jioni cheni inapakwa oili, hata uwe umechoka vipi.

Lakini kilichonifanya niipende njia ile ni kitu kingine. Monica na Godfrey Wilson, walioishi na Wanyakyusa kwa utafiti miaka ya 1930, waliandika sana juu ya ukwangala, ile raha ya kukaa na wenzako mkaongea. Ukitaka kuiona leo, tazama waendesha baiskeli wa Kyela: wanakwenda wawili wawili sambamba, wanapiga soga, mvua au jua. Nasi tukaanza hivyo. Tukishawaacha watoto, tunaongozana mpaka anapokatia kona kwenda kazini, dakika ishirini hivi. Dar tulikaa kwenye foleni saa nzima, kila mmoja na simu yake. Huku simu iko ndani ya turubai. Mambo ya pesa, ya mama yake, ya mtoto wa tatu, yote tumeyaongelea tukiwa tumelowa chapachapa.

Juni, mvua kubwa ilipokata, tuliwaacha watoto kwa jirani tukapakia baiskeli kwenye pikapu hadi Tukuyu, karibu mita 1,500 juu. Huko ndiko kwenye baridi yenyewe: ukungu na manyunyu, vidole havikunjiki. Raba za breki tulishabadilisha, tukateremka. Mwanzoni ni migomba na chai, kisha sweta linavuliwa, kisha inaanza mikakao, na ghafla umeingia kwenye joto la mpunga. Kikusya tukakata kushoto, lami kupitia Ipinda hadi Matema. Jioni, mbele ya mbasa wa kuchoma, mume wangu akasema, "Sharti letu liliishia Mei."

"Naomba pilipili," nikamjibu. Akanisogezea.

Mkitaka kuja wawili, njooni kati ya Juni na Oktoba. Bebeni sweta la Tukuyu na nafasi kwenye begi, maana mkifika Lyulilo, jirani tu na Matema, hamtaondoka bila chungu cha Wakisi. Wenye moyo waje Aprili, salfeti nitawapa.

Mama yangu bado anapiga simu kila Machi kuuliza nani anakohoa.