Der, Die, Das na Hela za Mama

Mtihani wa kwanza wa Kijerumani nilifeli, na ada yake Mama alilipa kwa hela za kikoba. Kilichoniangusha ni der, die, das. Jamani, kijiko ni cha kiume (der Löffel), uma ni wa kike (die Gabel), kisu hakina upande (das Messer)! Hata msichana, das Mädchen, si wa kike, eti kwa sababu ya kiishio -chen.

Siku moja Mjerumani anayesoma hapa chuoni akaniuliza: mbona mnasema embe hili, lakini ndizi hii? Si yote matunda? Nikabaki nacheka. Sikuwahi kukariri, neno nililisikia na mwenzake tangu utotoni.

Basi siku hizi siandiki Schule peke yake. Naandika die Schule, nasoma kwa sauti mpaka wenzangu chumbani wananisonya.

Mwezi ujao narudia. Neno moja silikosei ng'o: der Heller, ile sarafu ya enzi za Mjerumani iliyotuachia neno “hela”. Nikiliona tu, namwona Mama na kikoba chake.